Vibanzi vya Miti kwa Bustani ya Mboga: Ushauri kwa Fundi wa Miti Anayelima Uingereza

Mtu anayepogoa na kukata miti kwa kazi nchini Uingereza, kisha mwisho wa wiki akalima mboga katika kiwanja kidogo alichokodi kutoka halmashauri, anayo mali ambayo majirani zake wa bustanini huinunua au kuisubiri kwa muda mrefu. Mali hiyo ni vibanzi vya miti, yaani matawi yaliyopitishwa katika mashine na kukatwakatwa vipande vidogo. Vikitumiwa kwa utaratibu, vibanzi hivyo hujenga udongo, huhifadhi unyevu na kupunguza palizi. Vikitumiwa ovyo, majani ya sukuma wiki hugeuka njano na konokono hupata maficho. Makala haya yanaeleza utaratibu huo, pamoja na yale mambo ya kazi ya miti yanayogusa bustani moja kwa moja.

Jambo la kwanza ni kutambua kwamba vibanzi havifanani. Vile vinavyotokana na shina nene huwa ni mti mtupu wenye kaboni nyingi sana na naitrojeni kidogo, kwa hiyo huoza polepole. Vile vya matawi membamba, hasa yasiyozidi sentimita 7 kwa unene, vina gome jingi na machipukizi mengi, na humo ndimo mti huweka sehemu kubwa ya virutubisho vyake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, Québec, walilitilia mkazo jambo hili walipochunguza namna matawi membamba yanavyorutubisha udongo. Majira nayo yana sehemu yake. Vibanzi vya kiangazi huja vimechanganyika na majani mabichi, na lundo lake hupata joto kali ndani ya siku chache, ilhali vya majira ya baridi, miti ikiwa imepukutisha majani, hukaa kwa muda mrefu bila kubadilika. Kwa sababu hiyo ni vizuri kuwa na malundo mawili, moja la vibanzi vyenye majani kwa ajili ya mboji, na jingine la vibanzi visivyo na majani kwa ajili ya njia na matandazo.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuvichimbia vibanzi vibichi ndani ya tuta, mkulima akidhani kwamba anarutubisha udongo. Bakteria na kuvu wanaoozesha mti wanahitaji naitrojeni, na kwa kuwa mti wenyewe hauna ya kutosha, huichukua kutoka kwenye udongo ulio jirani, mboga zikabaki na njaa. Dalili yake huanza kwenye majani ya chini ya sukuma wiki au kabichi, ambayo hupauka na kuwa ya njano huku mmea ukidumaa. Vibanzi vikitandazwa juu ya udongo bila kuchanganywa nao, upungufu huo huishia kwenye tabaka jembamba la juu, na mizizi iliyo chini haiathiriki. Tofauti baina ya kutandaza na kuchimbia ndiyo msingi wa ushauri wote wa makala haya, na anayeizingatia atakuwa ameepuka sehemu kubwa ya hasara.

Njia ninayoipendekeza kuliko zote ni kuanzia kwenye mapito yaliyo kati ya matuta. Tandaza vibanzi vibichi humo kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, uvikanyage kila unapopita, na uviache mwaka mmoja au miwili. Magugu yatapungua na matope ya majira ya baridi hayatakusumbua, wakati chini kabisa vibanzi vinageuka kuwa kitu cheusi, laini, chenye harufu ya msitu. Ukifika wakati huo, chekecha ile sehemu iliyooza, uihamishie juu ya matuta, kisha ujaze mapito upya kwa shehena nyingine kutoka kazini. Kwa mpango huu bustani hupata mboji kila mwaka, na hapahitajiki eneo la ziada la kurundikia, jambo ambalo ni muhimu kwa sababu kiwanja kamili cha kukodi, kwa kipimo cha zamani cha Waingereza, ni takriban mita za mraba 250 tu, na vingi siku hizi hugawanywa nusu.

Juu ya tuta lenyewe, matandazo ya vibanzi yanafaa zaidi kwa mimea inayokaa muda mrefu, kama miti ya matunda na vichaka vya zabibu-bata (gooseberry), na yawe na kina cha sentimita 5 hadi 10 bila kugusa shina. Kwenye matuta ya miche michanga yasitumike katika majira ya kuchipua. Udongo uliofunikwa huchelewa kupata joto, na wale konokono wasio na gamba, ambao ni adui mkubwa wa mboga katika nchi hii yenye unyevu, hujificha chini ya vibanzi mchana na kutoka usiku kula miche. Dawa ya konokono ya chembechembe yenye metaldehyde ilipigwa marufuku kwa matumizi ya nje, na mwisho wa kuitumia ulikuwa Machi 2022. Zinazoruhusiwa ni zile zenye fosfati ya chuma, pamoja na minyoo midogo ya kibiolojia inayomwagiliwa udongoni.

Katika lundo la mboji, changanya vibanzi na kitu chenye naitrojeni, kama nyasi zilizofyekwa, samadi ya kuku au mabaki ya jikoni. Samadi ya farasi hupatikana kwa urahisi, na mara nyingi bure, lakini ina hatari moja ambayo mgeni hawezi kuifikiria. Malisho ya farasi huweza kuwa yamepigwa dawa ya magugu ya aina ya aminopyralid, ambayo hupita tumboni mwa mnyama bila kuharibika na kuendelea kuua au kupinda mimea hata baada ya samadi kuoza. Kabla ya kuimwaga bustanini, ichanganye na udongo katika vyungu kadhaa, upande maharage, na uweke pembeni vyungu vingine visivyo na samadi hiyo kwa kulinganisha. Majani ya maharage yakijikunja na kusokotana, samadi hiyo isiguse nyanya, viazi wala jamii yoyote ya kunde.

Si kila mti unafaa kuletwa bustanini kwa haraka. Vibanzi vya mti wa jozi (walnut) vikae kwanza hadi vioze, kwa kuwa mti huo una kemikali inayozuia ukuaji wa mimea kama nyanya. Mti wa ua uitwao laurel, yaani Prunus laurocerasus, hutoa hewa ya sumu ya sianidi majani yake mabichi yanapokatwakatwa, na hivyo vibanzi vyake visibebwe kamwe ndani ya gari lililofungwa madirisha. Mialoni ya London na maeneo ya jirani ina viwavi waharibifu walioonekana huko kuanzia mwaka 2006, ambao nywele zao huwasha ngozi na kuumiza kifua; kiota chao kikionekana, kazi isimame na taarifa itolewe kwa mamlaka ya misitu. Inafaa pia kutumia mafuta ya mimea kwenye mnyororo wa msumeno wa moto, ule ambao wengi wetu tunauita chenso, kwa sababu mafuta hayo yote humwagika juu ya mti na ardhini.

Mtu atokaye kazini huleta bustanini zaidi ya vibanzi. Udongo ulioganda kwenye viatu vyake unaweza kubeba ugonjwa wa uvimbe wa mizizi ya kabichi, ambao chembe zake huishi ardhini hadi miaka 20. Fundi wa miti huingia katika bustani nyingi za watu kila wiki, na kwa hiyo yuko katika hatari kubwa kuliko mkulima wa kawaida. Osha viatu na zana kabla ya kuingia kwenye kiwanja, au uwe na jozi ya viatu ya bustani pekee. Chokaa inayopandisha pH ya udongo hadi 7 au zaidi kidogo hupunguza makali ya ugonjwa, na jamii ya kabichi isirudi kwenye tuta lile lile kwa miaka mitatu au minne.

Kwenye miti yenyewe, kanuni ni fupi. Mti hauponyi kidonda kama mnyama. Huzungushia ukuta wa ndani ile sehemu iliyojeruhiwa, kama alivyoonyesha mtafiti wa Marekani Alex Shigo katika miaka ya 1970. Kwa hiyo tawi likatwe nje kidogo ya uvimbe ulio pale linapoungana na shina, pasibakizwe kisiki na pasikatwe sambamba na shina, na kidonda kisipakwe rangi. Tawi zito lichanjwe kwanza upande wa chini, kisha likatwe kutoka juu mbali na shina, na mkato wa mwisho ufuate. Miplamu na micheri ipogolewe kiangazi ili kuepuka kuvu wa jani la fedha (silver leaf). Kabla ya kazi yoyote, uliza halmashauri kama mti unalindwa kwa amri maalumu, au kama uko katika eneo la hifadhi (conservation area), ambako mti wenye kipenyo kinachozidi milimita 75 kwa kimo cha mita 1.5 hudai taarifa ya wiki 6. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota cha ndege kinachotumika.

Miti ya ash inayokufa kwa ugonjwa uliothibitishwa Uingereza mwaka 2012 huwa mikavu na dhaifu kiasi kwamba kuipanda kwa kamba ni hatari isiyostahili malipo yoyote. Tumia jukwaa la kuinuliwa. Mtetemo wa chenso nao huharibu mishipa na neva za vidole, hasa wakati wa baridi, na mkulima asiyehisi ncha za vidole vyake hawezi kupanda wala kuvuna vizuri. Pumzisha mikono, vaa glavu zenye joto, na umweleze daktari mapema vidole vikianza kufa ganzi au kuwa vyeupe.

Kalenda ya kazi ndiyo inayopanga kalenda ya mboga. Miti mingi hukatwa kuanzia Novemba hadi Machi, na katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo bustani haiwezi kuhudumiwa siku za kazi. Majira hayo yaachiwe mazao yasiyodai mkono wa kila siku, yaani vitunguu saumu vilivyopandwa Oktoba na sukuma wiki iliyooteshwa kati ya Aprili na Juni, ikahamishwa kabla ya Agosti na kufunikwa wavu dhidi ya njiwa. Sukuma wiki haiogopi jalidi. Baridi huongeza sukari katika majani yake, na uvunaji huendelea hadi Aprili. Mchicha na majani ya maboga visipandwe nje kabla ya mwisho wa Mei, hatari ya jalidi ikiwa imepita na udongo umepata joto. Mahindi yapandwe kwa mraba, yasipandwe mstari mmoja, ili chavua ipeperushwe kwa upepo na kufikia kila gunzi. Fito za kuegemezea maharage zitoke kwenye mihezeli (hazel) unayokata majira ya baridi. Usitumie fito mbichi za mti wa willow, kwa kuwa zikichomekwa ardhini huota mizizi.

Kuhusu mbegu, usizitie kwenye sanduku la safari kutoka Dar es Salaam au Nairobi bila cheti cha afya ya mimea, ambacho Kenya hutolewa na KEPHIS na Tanzania na TPHPA, yaani mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo, kwani mbegu nyingi za kupanda haziruhusiwi kuingia bila cheti hicho. Haja yenyewe ni ndogo. Mbegu za mchicha huuzwa Uingereza kwa jina la Kikaribiani la callaloo, na ile sukuma wiki ambayo wakulima wa Kenya huinunua kama Thousand Headed ni aina ya zamani iliyolimwa Uingereza kama chakula cha mifugo, na bado inapatikana kwa wauza mbegu wa huko. Panda miche yake kwa nafasi ya sentimita 60, uvune majani ya chini kwanza, na uliache chipukizi la juu liendelee.