Uliza hatimkato kabla ya kulipa ada

Unayetaka kazi ya katibu mahsusi serikalini, swali la kwanza chuoni liwe hili: hatimkato, yaani uandishi wa haraka kwa alama fupi, mnafundisha? Matangazo ya nafasi hizo kwa kawaida hutaka diploma ya uhazili (kazi ya ukatibu), yaani ngazi ya 6 ya tuzo za ufundi (NTA 6), na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika. Kozi ya kompyuta ya miezi 3 Kariakoo haitoshi, hata cheti king'ae vipi. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapa Dar; kwingine, hakiki NACTVET, baraza linalosimamia mafunzo ya ufundi, kama kozi yenyewe imeidhinishwa, si chuo tu. Nyumbani, rekodi taarifa ya habari dakika 5, iandike kwa hatimkato, uichape siku hiyohiyo. Ukiilaza, kesho alama zako mwenyewe zitakushinda kusoma.