Kujifunza Kihispania Bila Kupitia Kiingereza: Mwongozo kwa Anayeanza Sifuri

Kitabu changu cha kwanza cha Kihispania kiliandikwa kwa Kiingereza, na kwa miezi kadhaa nilifanya kazi mara mbili. Sentensi ilizaliwa kichwani kwa Kiswahili, naipeleka Kiingereza, ndipo naifikisha Kihispania. Ikifika imeshachakaa. Siku moja nilitaka kuwaambia wenzangu darasani kwamba zoezi limenichosha, nikatamka "soy aburrido". Wakaangua kicheko. Kumbe nilikuwa nimejitangaza kuwa mimi ni mtu wa kuchosha watu. Nilipaswa kusema "estoy aburrido". Kitabu kilikuwa na kurasa nzima za kueleza tofauti hiyo, na nilizisoma zote nisiambulie kitu, mpaka nilipojiuliza: kwani kwa Kiswahili ningesemaje?

Sasa nafundisha wanaoanza, na sharti langu la kwanza ni hilo: Kiingereza kikae pembeni. Mambo mengi yanayowatoa wengine jasho katika sarufi ya Kihispania wewe umeyasema tangu utotoni. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Matamshi kabla ya kamusi

Tenga wiki nzima kwa ajili ya sauti tu. Irabu ni tano zile zile, na zinatamkwa kama zetu. Soma casa, mesa, libro jinsi zilivyoandikwa (c mbele ya a, o, u ni k), utakuwa umepatia. Yanayohitaji mazoezi ni machache:

- h haitamkwi kabisa: hola ni "ola".
- j ni kh ya "kheri", na g ikitangulia e au i inakuwa hivyo hivyo.
- ñ ni ny: año ni "anyo". ll kwa wasemaji wengi ni y: calle ni "kaye".
- qu ni k: que ni "ke".
- v na b ni sauti moja.
- z, pamoja na c mbele ya e au i, katika sehemu kubwa ya Hispania ni th ya "thelathini". Amerika ya Kilatini ni s. Chagua moja, usiruke huku na huku.

Kama ulimi wako huchanganya l na r, shughulika nao mapema, maana hapa hakuna msamaha: pelo ni nywele, pero ni lakini, na perro, yenye r ya kutetemesha, ni mbwa.

Jambo la pili ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania hufanya hivyo pia kwa maneno yanayoishia na irabu, n au s, na hayo ndiyo mengi. Neno likiishia na konsonanti nyingine, mkazo unahamia silabi ya mwisho: hablar, hotel, ciudad. Linalovunja kanuni huwekewa alama, kama teléfono na canción. Alama hiyo si pambo. Hablo ni "ninazungumza", habló ni "alizungumza". Papá ni baba, lakini papa katika Amerika ya Kilatini ni kiazi. Na neno baba lenyewe? Kwa Kihispania ni ute unaomtoka mtu mdomoni, kwa hiyo usimwite mzee wa watu hivyo.

Mswahili hukosea sehemu moja zaidi: irabu zinazofuatana. Sisi tunazitenga, wao mara nyingi huzibana. Bueno ni silabi mbili, "bwe-no", si "bu-e-no".

Hatua ya 2: Nomino na ngeli zake mbili

Vitabu vitakwambia Kihispania kina jinsia ya kiume na ya kike, nawe utaanza kujiuliza meza imekuwaje mwanamke. Usijisumbue. Hizo ni ngeli, nazo ni mbili tu. Wewe unamudu za Kiswahili zaidi ya hizo bila kuhesabu vidole.

El libro nuevo, kitabu kipya.
Los libros nuevos, vitabu vipya.
La casa nueva, nyumba mpya.
Las casas nuevas, nyumba mpya (nyingi).

Tazama mambo mawili. Kivumishi kimekuja baada ya nomino kama kwetu, na kimefuata ngeli na idadi ya nomino yake. Hakuna kipya hapo isipokuwa upatanisho unakaa mwishoni mwa neno badala ya mwanzoni.

Maneno mengi yanayoishia na -o ni ya ngeli ya el, na yanayoishia na -a ni ya la. Yenye -ción na -dad ni ya la. Waasi wapo: la mano (mkono), la foto, el día (siku), el mapa, pamoja na kundi la maneno yenye asili ya Kigiriki yanayoishia na -ma, kama el problema, el tema, el sistema, el idioma. Dawa ni moja. Usiandike "mesa" peke yake kwenye daftari, andika "la mesa", kama vile mtu anayejifunza Kiswahili anavyotakiwa kukariri "kitabu, vitabu" kwa pamoja.

Kigumu hasa kwetu ni matumizi ya vineno hivyo el, la, los, las, un, una, kwa sababu Kiswahili hakina mfano wake. Kwa kuanzia, panapofaa "kile tunachokijua" weka el, na panapofaa "fulani" au "kimoja" weka un. Ila ukitaja kitu kwa ujumla wake Kihispania bado kinadai kineno: "me gustan los libros", napenda vitabu, vyovyote vile. Ukitaja kazi ya mtu, hakuna kineno: "soy médico", mimi ni daktari. Utakosea kwa muda mrefu, na utaeleweka.

Hatua ya 3: Kitenzi kinachobeba mtu wake

Kwa Kiswahili "ninazungumza" inatosha, "mimi" huja kwa kusisitiza tu. Kihispania ni vivyo hivyo: "hablo" inatosha, "yo" ni ya msisitizo. Tofauti ni kwamba kiambishi cha mtu kimehamia mkiani.

ninazungumza: hablo
unazungumza: hablas
anazungumza: habla
tunazungumza: hablamos
mnazungumza: habláis (Hispania), hablan (Amerika ya Kilatini)
wanazungumza: hablan

Vitenzi vyote huishia na -ar, -er au -ir. Comer (kula) huenda como, comes, come, comemos, coméis, comen. Vivir (kuishi): vivo, vives, vive, vivimos, vivís, viven. Jifunze vitatu hivyo hadi uvitaje usingizini, halafu vitenzi vingi vya kawaida vitafuata njia hiyo. Kwa mtu wa heshima tumia usted, ambayo huchukua umbo la "anazungumza": usted habla. Na usishangae kuona leo ikiwa na maana ya "ninasoma", au como ikimaanisha "ninakula" na pia "kama". Cama, kwa upande wake, ni kitanda.

Hatua ya 4: Ser na estar

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na hapa ndipo Kiswahili kinakubeba. Vitenzi hivi viwili vyote hutafsiriwa "kuwa", lakini sisi nasi tuna njia zaidi ya moja ya kusema kuwa.

"Ni" ya utambulisho na sifa ni ser. Ana es alta, Ana ni mrefu. Soy estudiante, mimi ni mwanafunzi.

"-ko, -po, -mo" za mahali ni estar. Ana está en la oficina, Ana yuko ofisini. El libro está aquí, kitabu kipo hapa.

Halafu kuna "-me-" ya hali, na hii ndiyo iliyoniokoa mimi:

Está cansada, amechoka.
Está sentado, amekaa.
Está dormido, amelala.
Está casada, ameolewa.
La puerta está cerrada, mlango umefungwa.
Está muerto, amekufa.

Utaambiwa kwamba ser ni ya mambo ya kudumu na estar ni ya mambo ya muda. Kanuni hiyo inafia kwenye mfano wa mwisho, kwa sababu hakuna hali ya kudumu kuliko kifo. Lakini "amekufa" ya Kiswahili inalieleza vizuri: tukio limepita, hali yake imebaki. Ndivyo estar ilivyo. Sasa rudi kwenye aibu yangu: nimechoshwa, estoy aburrido, mimi ni mtu wa kuchosha, soy aburrido.

Tahadhari lakini, si kila "-me-" ni estar. "Amefika" inayotoa habari ya tukio ni "ha llegado". Jiulize: sentensi inajibu "yuko katika hali gani?" au "kumetokea nini?" La kwanza ni estar, la pili ni haber, kitenzi kisaidizi kilichotoa "ha" ya "ha llegado". Mahali pengine panapoteleza ni matukio. Mkutano "uko ofisini" kwa maana ya kufanyika huko, nao husema "la reunión es en la oficina". Ugonjwa nao ni estar hata kama tunasema "ni mgonjwa": está enfermo.

Kaa kwenye hatua hii wiki mbili. Chukua sentensi 20 za Kiswahili zenye ni, -ko na -me-, uzigeuze. Usiharakishe.

Hatua ya 5: Sentensi ambazo tayari unazo

Tener ni "kuwa na", na hutumika karibu kila mahali tunapoitumia. Tengo hambre, nina njaa. Tengo sed, nina kiu. Tengo prisa, nina haraka. Tengo 20 años, nina miaka 20.

Hay (tamka "ai") ni kuna. Haibadiliki kwa umoja wala wingi: hay un libro, hay libros.

Gustar isikutishe. Tafsiri yake sahihi si kupenda, ni kupendeza. Me gusta la música, muziki unanipendeza. Me gustan los libros, vitabu vinanipendeza. Kinachopendeza ndicho kinachotawala kitenzi, na wewe unabaki kuwa "-ni-" ya katikati, ambayo kwao ni me iliyotangulia. "-ku-" yetu nayo ni te: te veo, ninakuona.

Saa ichunge. Son las tres ni saa tisa, si saa tatu.

Hatua ya 6: Msamiati

Anza na maneno unayoyafahamu bila kujua. Kihispania kiliishi na Kiarabu tangu mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, nasi tumekopa kutoka kisima hicho hicho: azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, fulano ni fulani. Alcalde, yaani meya, ni mwenzake kadhi. Hasta ni "hata" yetu kwa maana zote mbili: "hata watoto" ni hasta los niños, na "hata kesho", ya kuagana hadi kesho, ni hasta mañana. Kisha Kireno, ndugu wa karibu wa Kihispania, kilituachia meza (mesa), bendera (bandera), kasha (caja), mvinyo (vino) na padri (padre). Jihadhari na pera, ambayo kwao si pera letu ni pea, na sí, ambayo ni ndiyo ingawa masikioni mwetu inasikika kama kukanusha.

Mengine yanataka kadi. Kata karatasi, upande mmoja andika sentensi fupi ya Kihispania, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili. Gawa sanduku mara tatu: kadi za kila siku, za kila siku ya tatu, za kila wiki. Ukipatia, kadi inasogea mbele. Ukikosea, inarudi mwanzo hata kama ilishafika mwisho. Programu ya Anki hufanya kazi hiyo kwa simu, ila mimi huwashauri wanaoanza waandike kwa mkono kadi 200 za kwanza. Maneno 10 kwa siku yanatosha. Anayejipakia 50 huacha kabla mwezi haujaisha, nimewaona wengi.

Hatua ya 7: Nyakati nyingine, kwa mpangilio huu

Usianze na majedwali ya wakati uliopita. Anza na wakati ujao wa njia ya mkato: voy a comer, nitakula, vas a comer, utakula. Unahitaji kitenzi ir tu: voy, vas, va, vamos, vais, van. Halafu "-me-" ya tukio: he comido, nimekula, has comido, umekula. Ndipo "-li-": comí, nilikula. Comía, "nilikuwa nikila" au "nilikuwa nala", iache hadi hizo tatu zitulie. Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini hutumia comí hata pale Mhispania angesema he comido.

Mbele kidogo utakutana na umbo linaloitwa subjuntivo, ambalo watu husimuliana kwa sauti ya chini kama habari za jini. Quiero que vengas. Linganisha na "nataka uje": ile -e ya mwisho katika "uje", "asome", "tuondoke" ndiyo kazi yake. Ukifika hapo, chukua karatasi, andika sentensi kumi zinazoanza na "nataka", na uone ni ngapi utazigeuza kabla ya kufungua kitabu.