Somo: Kukosoa msimbo (code) wa mwenzako bila kumvunja moyo

Hatua ya 1. Soma lengo la mabadiliko aliyoyafanya kwenye msimbo, kisha uiendeshe programu mwenyewe. Wengi huiruka hatua hii, ndiyo maana maoni yao huishia kwenye nafasi na mabano. Hayo ziachieni Prettier au Black, programu zinazopanga mwonekano wa msimbo zenyewe. Watu wasigombane kwa ajili yake.

Hatua ya 2. Zungumzia msimbo, usimzungumzie mtu. Hapa ndipo penye kazi. "Umesahau orodha tupu" humfanya mwenzako ajitetee. "Orodha ikiwa tupu, wastani huu utagawanya kwa sifuri na programu itaanguka" humwonyesha tatizo lenyewe na sababu yake. Angalieni pia "kwa nini hukutumia...?", maana inasikika kama mashtaka. Mimi huuliza, "Nini kilikufanya uchague njia hii?" Na si mara moja nimejibiwa sababu ambayo sikuwa nimeiona. Kaneno "tu" nako kanauma: "badilisha tu hapa" ni kumwambia kwamba kilichomsumbua siku mbili ni chepesi.

Hatua ya 3. Tenganisha lazima na hiari. Maandishi ya mtumiaji yakiunganishwa moja kwa moja kwenye amri ya SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata), huo ni mwanya wa usalama: andika LAZIMA. Jina la kigeu (variable) usilolipenda, andika HIARI.

Hatua ya 4. Kizuri kitaje kwa jina lake. "Jaribio hili la tarehe 29 Februari limenifurahisha" lina uzito kuliko "kazi nzuri".

Maswali ya wanachama

Swali: Nimeletewa mistari 2,000 ya msimbo niikague. Nianzie wapi?
Jibu: Usianze. Mwombe kwa upole aigawe, au mkae pamoja akupitishe.

Swali: Mwalimu, Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Linux, alikuwa mkali na Linux ikafika mbali. Upole hautashusha viwango?
Jibu: Ndugu yangu, Septemba 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi hadharani kwa lugha yake, akapumzika kwa muda. Msimbo mbovu ukatae, hata mara tano. Matusi hayaongezi chochote kwenye ukaguzi.

Swali: Mimi ni mgeni kazini. Nitamkosoaje mkuu wangu?
Jibu: "Naomba kuelewa, data ikija bila tarehe itakuwaje?" Inatosha.

Swali: Tumejibizana mara nne, hatuelewani.
Jibu: Mara ya pili ilitosha, mpigie simu. Mkishakubaliana, andikeni uamuzi na sababu yake papo hapo kwenye mabadiliko, ili atakayeusoma msimbo huo mwakani asiufufue ubishi.