Waini ya Dodoma kwenye joto la Dar: jinsi ya kuifaidi bila kutoboa mfuko

Aisee mwezi wa kwanza Dar hakukaliki. Feni inazungusha joto lile lile, saa kumi usiku unaamka shuka limelowa, halafu jioni mnakaa barazani mnatafuta kitu cha kushushia siku, bia mmeshazichoka, mtu anatoa chupa ya waini ya Dodoma aliyoinunua dukani dakika tano zilizopita, anaifungua hapo hapo, anamimina, kila mtu anapiga funda moja na kukunja sura, "ndo maana mi sinywagi waini za kibongo". Hiyo sinema nimeiona mara nyingi sana na kuna kipindi mkunja sura nilikuwa mimi mwenyewe. Siku hizi nabishana na yeyote, waini haina kosa, kosa ni joto. Hiyo chupa imekaa rafu ya juu chini ya bati tangu Krismasi, imefika mikononi mwenu ina nyuzi thelathini na ushee, hata ingekuwa imetoka Ufaransa msingeimaliza.

Kwa hiyo karibu kila ninachoandika hapa kinahusu kuikinga na joto, mengine ni ya kuongezea.

Kidogo tu kuhusu inakotoka, maana kuna watu bado wanadhani tunatengeneza kwa unga wa zabibu. Zabibu za Dodoma zililetwa na wamisionari, pale Bihawana, miaka ya 1950, na zikakubali kwa sababu kule juu ni kukavu, mvua ni ya msimu mmoja, mchana jua kali na usiku kunapoa. Kinachonishangaza mimi mpaka leo ni kwamba wenzetu wa Ulaya wanavuna mara moja kwa mwaka, Dodoma wanavuna mara mbili, kwenye mwezi wa pili na wa tatu halafu tena wa nane na wa tisa. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, basi mkulima anaupogoa na hapo ndo unaamka, unachipua na kuanza kubeba upya. Ukipita barabara ya kuingia Dodoma msimu wa mavuno utaziona kwenye ndoo pembeni, nunua, ila usizioshe mpaka ufike nyumbani, zitaoza njiani.

Na bei kuwa nafuu ina sababu yake, sio kwamba ni takataka. Waini iliyotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za hapa hapa nchini inatozwa ushuru wa bidhaa mdogo sana ukilinganisha na ile ya zabibu za nje. Yaani kwenye chupa ya kutoka nje unalipia meli, bandari, ushuru na lebo yenye picha ya kasri, waini yenyewe ni sehemu tu ya hiyo hela.

Haya, dukani. Usinunue waini kwenye duka ambalo chupa zimepangwa dirishani zinaota jua kama dagaa. Tafuta duka ambalo mzigo unaisha na kuletwa mwingine, hata kama ni grosari ya mtaani, na mwambie muuzaji akutolee ya rafu ya chini au ya kwenye boksi huko nyuma, hatakasirika, mpigie stori kidogo. Ukiishika itazame shingoni. Kama ni ya kizibo na kizibo kimeanza kuchomoza juu, au kuna ute wa waini umeteremka ukakauka unanata, hiyo imeshapikwa na joto, rudisha. Angalia na stempu ya kodi ya TRA iko sawa, kuna ile app ya Hakiki Stempu unaipiga skani inakwambia, dakika moja tu. Za kifuniko cha kuzungusha wala usizidharau, kwa mazingira yetu mimi nazipenda kuliko za kizibo, hazikuhangaishi na kizibuo ambacho kila siku kimeazimwa na hakijarudi.

Hapa naomba nikiri dhambi yangu. Kuna mwaka nilikuwa narudi kutoka Dodoma na lifti ya jamaa, nikanunua chupa sita kwa furaha zote, nikazipanga kwenye buti na sweta katikati zisigongane, najiona mjanja. Tukasimama Morogoro kula, gari juani, tukapiga stori, gari juani, tukaingia foleni ya Kibaha, gari bado juani. Kufika nyumbani nafungua buti, sweta limelowa jekundu, chupa mbili vizibo vimenyanyuka, na hizo nne zilizopona nilivyozifungua zilikuwa na ladha ya jemu iliyoungua, zabibu kavu tupu, ule uchangamfu wote umekufa. Siku hizi nikisafiri nazo zinakaa ndani na mimi, miguuni, zimefungwa kwenye kitenge kilicholowa maji, na kama ni gari la mchana lisilo na AC sibebi kabisa, nanunua Dar.

Ukishafika nayo nyumbani iweke mahali penye kiza na pasipo na mtikisiko, chini ya kitanda panafaa kuliko juu ya friji. Juu ya friji panaonekana pazuri lakini pana joto na panatetemeka mchana kutwa. Na usiitunze ikazeeke, hizi za bei yetu zimetengenezwa zinywewe, mwaka mmoja miwili basi.

Sasa kuipoza, hapa ndo penyewe. Yale maneno ya kwamba waini nyekundu inanywewa kwenye "joto la chumba" yalisemwa na watu ambao vyumba vyao vina nyuzi 16 au 18, chumba chako cha Temeke mwezi wa pili hakihusiki hata kidogo. Nyekundu iweke kwenye friji nusu saa mpaka dakika arobaini kabla ya kunywa, unataka ikushike baridi kidogo mkononi, kama nyuzi 15 hivi. Ukizidisha inakuwa chungu na inakausha ulimi, kwa hiyo ikizidi iache mezani dakika kumi, Dar itaipasha yenyewe bila kuombwa. Nyeupe na ile ya waridi zinataka baridi zaidi, nyuzi 8 mpaka 10, saa mbili tatu kwenye friji. Na zile tamu, Dompo na jamii yake, zipoze mpaka ziwe baridi kabisa, maana baridi inaupunguza utamu, Dompo ya moto ni sharubati ya kifua lakini ikiwa baridi inakuwa kitu kingine.

Umeme umekatika je? Au wageni wameshafika na chupa iko kabatini? Chukua beseni au ndoo ndogo, weka barafu, kisha mimina MAJI mpaka yafike shingoni mwa chupa, halafu ngumi moja ya chumvi ya kawaida, koroga. Watu wengi wanaweka barafu peke yake wanashangaa haipoi, barafu tupu inaigusa chupa sehemu mbili tatu tu, maji ndo yanaikumbatia yote, na chumvi inayafanya hayo maji yashuke chini ya sifuri bila kuganda. Kila baada ya dakika chache izungushe chupa humo humo ndani. Robo saa mpaka dakika ishirini umemaliza, friza lenyewe linasubiri kwenye foleni. Barafu ya mia tano kwa jirani anayeuza inatosha kama chupa ni moja, na kama jirani ana roho nzuri hata hakuchaji.

Kuna ile mbinu ya mtungi pia, unaizungushia chupa kitambaa kibichi unaiweka kwenye upepo. Dodoma inafanya kazi vizuri mno kwa sababu hewa ni kavu na maji yanaruka haraka yakiondoka na joto. Dar hewa yenyewe imelowa kama kitambaa, utasubiri mpaka mgeni aage. Na friza, sawa, litumie, ila weka alamu kwenye simu, ukisahau utaikuta imepasuka.

Vipi kuhusu ipi ununue. Mimi kwa joto hili naanza na nyeupe kavu ya Chenin Blanc. Hiyo ni zabibu yenye asili ya Ufaransa lakini imekaa Dodoma miaka mingi mpaka ni mwenyeji, na sifa yake ni kwamba hata ikikulia juani haipotezi ule ukali wake wa ndimu. Kanuni yangu ni ya kijinga lakini haijaniangusha, chakula chochote unachokikamulia ndimu kinaenda na waini hii. Changu wa kukaanga, pweza, kamba, dagaa waliokaushwa vizuri, hata chipsi kuku ya usiku. Kwa nyekundu tafuta iliyotoka kwenye Makutupora Red, zabibu iliyochukua jina la Makutupora pale pale Dodoma kwenye kituo cha utafiti, hii ni ya mishkaki na nyama choma, mafuta ya nyama yanaulainisha ule ukakasi. Kuna na Syrah, na hawa Cetawico wa Hombolo, kiwanda cha waini kilichoanza 2002 na Waitaliano, wamepanda mpaka Aglianico, zabibu ya kwao Italia, hizo ni nzito, mi nasubiri mwezi wa sita kukipoa. Ile tamu inywe na mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Naomba usicheke kabla hujajaribu. Pilipili inawasha, utamu unazima, unarudi tena kwenye muhogo, usipojiangalia sahani imeisha.

Kwenye lebo angalia kama imeandikwa kavu au tamu kabla hujalipa, nusu ya watu wanaosema waini chungu walinunua kavu wakitarajia juisi. Walio Arusha wana waini ya ndizi, Raha na wenzake, ni ulimwengu wake lakini ikiwa baridi sana inashuka bila shida. Walio Nairobi wana Leleshwa ya Naivasha. Waini za rozela za kutengeneza nyumbani zinaweza kuwa tamu ajabu, ila nunua kwa mtu unayemjua usafi wake.

Kama waini uliyonunua haikukufurahisha usiimwage. Nusu glasi ya waini, nusu soda maji, barafu, kipande cha ndimu, basi, hicho ndo kinywaji cha saa kumi jioni barazani, na kilevi kimepungua nusu. Wajuaji watakwambia unaharibu waini, waambie waje wakae chini ya bati lako saa tisa mchana. Na maembe yakiwa yamejaa fanya hivi. Chupa moja ya nyekundu ya bei chee, embe dodo moja lililoiva ila bado gumu, likate vipande vidogo, machungwa mawili, moja ulikamue jingine ulikate duara na ganda lake baada ya kuliosha, kipande cha tangawizi saizi ya dole gumba ukiponde, asali vijiko viwili. Changanya kwenye jagi, friji saa mbili zisipungue. Soda maji unaweka mwisho kabisa wakati wa kumimina, ukiiweka mapema inakufa. Embe la chini ya jagi limekunywa kuliko wewe, wazuie watoto.

Speaking za kilevi... samahani, nikiongelea kilevi, chupa ya mililita 750 ni glasi tano za kawaida, sio glasi mbili za maji zilizojaa pomoni kama tunavyofanya. Chupa ya asilimia 12 ina kilevi cha kama bia tatu na nusu za nusu lita, na Dompo na wenzake ni vizuri kusoma asilimia yake kabla hujajipimia, utamu unadanganya. Kwenye joto unatoka jasho, ukosefu wa maji unakizidisha kichwa cha kesho, kwa hiyo glasi ya waini na glasi ya maji, zifuatane. Funguo za gari mpe asiyekunywa, au panda boda urudi kesho kulichukua.

Na wageni wasiokunywa, ambao kwenye baraza za kwetu ni wengi tu, waandalie jagi lao la ukwaju lenye barafu ile ile na lisikae karibu na lile jekundu la maembe, nimewahi kuona mzee wa watu akijimiminia kwa imani kabisa, bahati nzuri mke wangu aliwahi kumpokea glasi.

Iliyobaki usiiache wazi mezani, hewa na joto vitaifanya siki mpaka kesho kutwa. Ukiwa na chupa ndogo safi ya maji ya mililita 500 imimine humo mpaka juu kabisa pasibaki nafasi ya hewa, funga, friji, hata nyekundu, siku tatu nne bado ni nzima. Ile ya boksi yenye bomba ndo inadumu wiki kadhaa kwa sababu mfuko wa ndani unasinyaa na hewa haiingii, kama nyumbani mnakunywa glasi moja moja hiyo ndo itawaokolea hela. Ikishapita hapo itumie jikoni, robo kikombe cha nyekundu, kitunguu swaumu, tangawizi, chumvi na mafuta kidogo, loweka nyama ya mishkaki usiku mzima. Ila wageni waambie, kilevi hakiishi chote jikoni na wapo ambao hawali. Mimi huwa naloweka bakuli mbili, moja ya waini na moja ya ndimu, na mishkaki ya waini naifunga kamba nyekundu kwenye mpini ili anayechoma asiichanganye.