Somo: Tengeneza mwenyewe mwangwi wa springi kwa ajili ya gitaa la solo

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Tabora, mji wa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, wapigaji wengi wa solo wanautaka ule mwangwi wa gitaa za zamani. Unaweza kuutengeneza nyumbani. Ila liweke hili akilini kabla hujashika risasi ya kulehemu: IC (vile vidude vyeusi vyenye pini) na rezista ndiyo kazi nyepesi. Sauti inatoka kwenye springi na jinsi ulivyozitundika. Ukimaliza muda wote kwenye saketi na springi ukazifunga haraka haraka, kifaa kitalia kama debe.

Springi hizi zilibuniwa na maabara za Bell kule Marekani ili kuiga ucheleweshaji wa sauti kwenye simu za mbali. Hammond wakazitia kwenye vinanda vyao, na mwaka 1961 Fender, watengenezaji wa magitaa, wakatoa kisanduku cha mwangwi huo kwa ajili ya gitaa. Sauti inatikisa ncha moja ya springi, mtikisiko unasafiri hadi ncha ya pili, unarudi, unakwenda tena huku ukififia. Sauti nene hufika kwanza, nyembamba zinafuata nyuma, ndiyo maana noti fupi inatoa ule mlio wa "chwii".

Hatua ya 1: Springi. Tafuta mbili, za waya mwembamba, laini, ndefu. Printa mbovu huwa nazo. Ukikosa, nunua waya wa pazia wenye springi ndani, chuna plastiki yote, kisha uvute taratibu mpaka pete ziachane. Pete zikigusana, mtikisiko unakufa hapo hapo. Urefu wake usilingane: moja sentimita 20, nyingine 24 hivi, ili miangwi isigongane kwenye noti moja.

Hatua ya 2: Fremu. Nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini, omba kipande kilichobaki cha sentimita 35. Kitundike ndani ya boksi la mbao kwa mpira wa manati, kila kona mpira mmoja, kielee kisiguse ubao popote. Hapa usifanye haraka. Gonga boksi kwa kidole: fremu icheze polepole kisha itulie. Ikipokea kila mguso wa sakafu, mpira umekaza mno.

Hatua ya 3: Spika. Chukua spika ndogo ya redio ya ohm 8, uifunge upande mmoja wa fremu. Bandika kipande cha njiti ya kiberiti katikati ya karatasi kwa epoksi, na juu yake ndoano ya waya mwembamba ya kushika springi zote mbili. Springi zitoke mbele ya spika zikiwa zimenyooka. Zikivuta kwa pembeni, koili ya ndani itasugua sumaku. Sukuma karatasi kwa ncha ya kidole huku umetega sikio. Ukisikia mkwaruzo, legeza au panga upya.

Hatua ya 4: Piezo, yaani kisahani kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Fungua baza mbovu, utoe kile kisahani cha shaba. Ukingo mmoja uubane kwenye fremu, na ukingo wa pili uulehemu ndoano ya kupokea springi. Waya wa ishara unakaa kwenye duara jeupe la katikati: gusa na uondoe pasi mara moja, joto linaliua. Kutoka hapo tumia waya wa maiki, mfupi. Alumini iunganishe na ethi.

Hatua ya 5: Saketi. Betri volti 9. Nusu ya kwanza ya TL072 (IC yenye vikuzaji viwili ndani) inapokea gitaa, na rezista ya 1M kwenye mlango wake. Pini chanya za kupokea sauti za TL072 zikae, kupitia hizo 1M, kwenye nusu ya volti za betri: rezista mbili za 10k na kapasita ya 100µF. Kutoka pini ya kutolea sauti ya nusu ya kwanza, kapasita ya 47nF, volyumu ya 10k, kisha pini ya 3 ya LM386 (IC ya kusukuma spika). Hiyo 47nF inapunguza besi iliyo chini ya Hz 400 hivi. Usiiruke, besi ndiyo inayovuruga springi. Kwenye LM386, pini 2 na 4 ethi, 6 betri, 5 inatoka kwa kapasita ya 220µF kwenda kwenye spika. Pini 1 na 8 ziache wazi, ukuzaji wa mara 20 unatosha. Nusu ya pili ya TL072 inakuza piezo, nayo ina 1M yake. Volyumu ya 100k inapima mwangwi, kisha sauti kavu (ya gitaa isiyo na mwangwi) na mwangwi zinakutana kila moja kwa rezista ya 47k.

Kwenye bendi, uweke kwenye solo tu. Rizimu ibaki kavu, la sivyo magitaa yatamezana.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Nzega:* Mkuu, springi za kalamu je?
Hapana, kaka. Ni fupi na ngumu. Mwangwi unarudi kabla sikio halijautenganisha na noti yenyewe.

*Mdau wa Urambo:* Sina TL072, ninayo LM358.
Itapiga, lakini utasikia mchakacho kwenye noti zinazopigwa kwa sauti ndogo. Tumia kujaribia tu huku ukitafuta TL07x.

*Mdau wa Ujiji:* Nikiongeza mwangwi kinapiga yowe.
Chomoa spika ya ampu, usikilize kwa hedifoni. Yowe likikoma, boksi linasikia ampu: literemshe sakafuni, mbali. Likiendelea, waya wa piezo umepita karibu na waya wa spika ndogo. Utenganishe.

*Mdau wa Kaliua:* Huku umeme ni wa sola. Niunge betri ya volti 12 moja kwa moja?
Usiunge. Betri ya sola ikiwa inachajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na LM386 ya kawaida mwisho wake ni 12. Weka 7809 (kidhibiti cha volti 9) katikati, na kapasita ya 100µF upande wa kutokea.