Jicho Linapotiririka Machozi Baada ya Upasuaji wa Pua

Machozi huingia katika vitundu vidogo vilivyo kwenye kope karibu na kona ya ndani ya jicho, hufika kwenye kifuko kilicho kando ya pua, kisha hushuka kwa mfereji unaotokea karibu na sakafu ya tundu la pua. Kwa kuwa mfereji huo hupita ndani ya mfupa mwembamba, unaweza kujeruhiwa mifupa ya pua inapokatwa ili kurekebisha umbo, au mlango wa sinasi ya shavu (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa shavu) unapopanuliwa kuelekea mbele kupita kiasi.

Jicho likitoa machozi siku za mwanzo, usifadhaike, maana mara nyingi ni uvimbe wa upasuaji unaoubana mfereji, na hali hutulia kadiri uvimbe unavyopungua. Fuatilia ni jicho lipi linalotiririka, kama machozi hudondoka hata ndani ya nyumba pasipo moshi wala upepo, na kama unaamka na tongotongo. Jicho la upande uliopasuliwa likiendelea kutiririka baada ya wiki kadhaa, rudi kwa daktari aliyekupasua au umwone daktari wa macho. Usiminye pua, wala usipenge kamasi kwa nguvu kabla ya kuruhusiwa. Matone ya kujinunulia, ambayo wengi huyakimbilia, hayafungui mfereji ulioziba, na yenye steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe) yanaweza kupandisha shinikizo la jicho.

Kliniki, taja upasuaji huo hata kama ulifanyika zamani. Daktari anaweza kudondosha rangi ya fluoresini na kutazama baada ya dakika 5 kama imeondoka jichoni, kisha kusukuma maji ya chumvi kwa sindano butu kupitia kitundu cha kope: ukionja chumvi kooni, njia ipo wazi, ingawa huenda imebanwa, maji yakirudi jichoni yote, imeziba. Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, huonyesha mifupa iliyoguswa.

Kovu likishauziba mfereji kabisa, tiba ya kawaida ni dakriosistorinostomia, yaani kutoboa njia mpya kutoka kwenye kifuko hadi puani, wakati mwingine kwa kuacha mrija wa silikoni kwa muda.

Kona ya ndani ya jicho ikivimba, ikawa nyekundu na kuuma, au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Uoni ukififia, ukiona vitu viwiliviwili au jicho likitokeza nje, nenda papo hapo.