Kubandika karatasi ya dhahabu kwenye keki

Nunua dhahabu ya kuliwa yenye alama E175 (namba ya dhahabu inayotumika kwenye chakula), usafi wa karati 23 au 24. Vumbi la dhahabu la wachimbaji wa Chunya lisiguse chakula kamwe: huenda lina zebaki, na hiyo ni sumu.

Zima feni, funga madirisha. Upepo wa Mbeya ukipenya kidogo tu, karatasi inajikunja na hainyooki tena. Usiishike kwa vidole, itaganda kwenye ngozi ichanike. Tumia kibanio na brashi laini, kavu kabisa.

Keki iliyotoka kwenye friji iache jasho likauke kwanza. Paka asali iliyochanganywa na maji, utando mwembamba, pale tu unapobandika. Ikizidi, dhahabu inateleza na kufanya mikunjo. Laza karatasi, gongagonga kwa brashi.

Kwenye kinywaji, dondosha vipande mwishoni; haviyeyuki wala havina ladha.